Nafasi Juu ya Sauti: Kuweka Geini ya Maiki Nyumbani na Hewani

Mhadhara kwa walimu wa muziki, wanakwaya, mafundi wa studio za nyumbani na wapenzi wa redio ya ridhaa, Kericho

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, walimu, viongozi wa kwaya, vijana wa studio na wa redio, mabibi na mabwana: chamgei!

(Ukumbi: Chamgei mising!)

Asanteni sana. Mmeitikia kwa nguvu, na mmenisaidia hata kabla sijaanza. Kijana anayetunza mitambo pale pembeni alipima maiki zake kwa sauti ya mtu mmoja anayesema polepole. Mlipoitikia nyote kwa pamoja, mita ilirukia kwenye nyekundu na mkono wake ukakimbilia kitufe. Msimlaumu. Wengi wetu kazi hii tunaifanya hivyo hivyo, na ndiyo maana mwenyekiti ameona kikao kizima kitumike kuzungumzia kitufe kimoja.

Ninachokusudia kuwathibitishia leo ni hiki: geini ya maiki huwekwa kwa ajili ya sauti kubwa itakayokuja, wala si kwa sauti iliyopo sasa, na nafasi unayoiacha juu ya sauti yako hupotezi chochote kwa kuiacha. Nitalieleza jambo hili kwa hoja tano. Nne za kwanza zinawahusu wanaorekodi nyumbani, kanisani na shuleni. Ya tano inawahusu wenzetu wa redio ya ridhaa, lakini naomba wanakwaya wasiondoke ikifika, kwa sababu kanuni ni ile ile. Kinachobadilika ni nani anayeumia ikivunjwa.

Niwakumbushe kwanza kwamba nchi hii ya chai si ngeni mbele ya maiki. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mtambo wake, akawarekodi Wakipsigis wakiimba. Miongoni mwa nyimbo alizoondoka nazo ni zile zinazojulikana kwa jina la "Chemirocha", zinazomtaja mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933 lakini sauti yake ikaendelea kusafiri kwa santuri mpaka ikafika huku. Toleo la tatu, linaloongozwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, limesikilizwa mbali sana na vilima hivi. Rekodi hizo zimehifadhiwa na International Library of African Music, taasisi ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 na ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katika miaka ya 2010 nakala zake zilirudishwa huku kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi, zikasikilizwa tena na watu wa eneo zilikotoka. Nyimbo hizo bado zinasikika kwa sababu aliyezirekodi hakuziharibu pale zilipokuwa zinaingia mashineni. Zingeharibika hapo, hakuna fundi wa miaka 60 baadaye ambaye angeziponya.

Hoja ya kwanza: geini si volyumu

Chukueni maiki ambayo karibu kila kwaya hapa inaifahamu, Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966. Haina betri wala waya wa umeme. Sauti hutikisa utando mwembamba uliobeba koili, koili hiyo hucheza ndani ya uga wa sumaku, na kinachozalishwa ni umeme mdogo mno. Sauti kubwa ya desibeli 94 haizalishi hata milivolti mbili kamili. Mashine ya kurekodia nayo inataka umeme unaokaribia volti moja. Kati ya viwili hivyo lazima kiwepo kikuza sauti cha awali, na kitufe kinachokiongoza ndicho tunachokiita geini. Kukuza mara 100 ni desibeli 40; kukuza mara 1,000 ni desibeli 60. Mnaona basi kwamba kitufe hiki kina nguvu nyingi, na kukizungusha kidogo tu ni jambo kubwa.

Volyumu iko upande wa pili. Kitelezi cha miksa, kitufe cha spika, alama za kuongeza na kupunguza kwenye simu, vyote hivyo hushughulikia sauti iliyokwisha kuingia. Geini ikiwa juu mno, kikuza sauti hufikia mwisho wa uwezo wake na vilele vya mawimbi hukatwa. Sikio husikia sauti inayopasuka na kukwaruza. Ukishusha volyumu hapo, unapata sauti ile ile iliyopasuka, ila sasa ni ndogo. Nyinyi mnaouza majani chai mnajua: kiwanda kinaweza kunyausha, kukata, kuchachusha na kukausha, lakini hakiwezi kuligeuza jani kuukuu likawa majani mawili na chipukizi. Kazi ya geini ni uchumaji.

Hapa pana swali ambalo vijana huulizana sana: "Wewe geini yako unaweka ngapi?" Jibu la mwenzako halitakufaa. Maiki za kondensa, zile zinazohitaji umeme wa volti 48 unaopandishwa kwa waya wa maiki, hutoa umeme mwingi kuliko SM58, kwa hiyo kitufe chake hubaki chini. Shure SM7B, ambayo watangazaji wengi wanaipenda, hutoa umeme mdogo kuliko hata SM58 na huhitaji kukuzwa kwa desibeli 60 hivi ikiwa msemaji anazungumza kwa utaratibu. Kabla ya kuuliza namba, uliza maiki ni ipi, mdomo uko umbali gani, na anayeimba ni nani.

Hoja ya pili: kila rekodi ina dari na sakafu

Dari ya rekodi ya kidijitali ni namba moja tu, sifuri. Kwenye mita, namba zote chini yake ni hasi: −6, −12, −18 na kuendelea. Juu ya sifuri hakuna kitu. Kanda za sumaku za zamani zilikuwa na huruma kidogo. Ukizidisha, sauti ilianza kujaa taratibu, na wapo waliopenda ule ujazo wake. Faili ya kidijitali haina taratibu. Wimbi likifika sifuri hukatwa kama kwa panga.

Sakafu ni kelele: shhh ya vifaa vyenyewe, mvumo wa friji, gari la barabarani, mvua juu ya mabati. Sauti yako lazima ikae kati ya hivi viwili. Ushauri ambao mafundi wengi wanakubaliana nao ni kwamba sauti ya kawaida izungukie −18, na vilele vyake vifike −12, au −6 kwa nadra, kisha viishie hapo.

Wapo watakaoniambia, "Mwalimu, hiyo ni ndogo mno. Sisi tulifundishwa kuijaza mita." Ni kweli mlifundishwa hivyo, na aliyewafundisha alikuwa na sababu. Kanda ilikuwa na shhh yake. Usipoijaza, ukija kuongeza sauti baadaye shhh nayo inapanda. Mafunzo hayo yaliyafaa mashine za wakati ule. Tupige hesabu za leo. Kila biti ya faili ina thamani ya takriban desibeli 6. Faili ya biti 16 ina nafasi ya desibeli 96. Ya biti 24 ina 144 kwa hesabu ya karatasi, ingawa vifaa vizuri huishia kati ya 110 na 120. Sasa linganisheni na chumba. Chumba kitulivu usiku kina kelele ya desibeli 30 hivi. Mtu anayezungumza karibu na maiki hufika desibeli 75 hadi 80. Tofauti kati ya sauti yake na kelele ya chumba ni kama desibeli 50. Kwa hiyo ukiacha desibeli 12 juu bila kuzitumia, bado sakafu inayosikika ni ile ya chumba chako. Ya mashine iko chini yake sana. Hujapoteza chochote. Ulichokifanya ni kujiwekea akiba kwa ajili ya kicheko, kikohozi, kigelegele na "Amina" ya ghafla.

Kuogopa dari kusikufikishe pia kwenye kukumbatia sakafu. Vilele vyako vikiwa −40, halafu ukalazimika kuongeza desibeli 30 wakati wa kuhariri, shhh ya kikuza sauti cha bei nafuu itapanda pamoja na maneno. Nafasi ninayoitetea ni ya kiasi.

Kuhusu hofu kwamba wimbo wako utasikika mdogo kuliko nyimbo za wengine: ukali wa mwisho hupangwa mwishoni, kwenye nakala ya kutolewa. Spotify, kwa mfano, husawazisha nyimbo kuelekea kiwango cha −14 kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima. Wimbo uliopigwa rungu ili ukae juu hushushwa, ukabaki na majeraha yake.

Hoja ya tatu: umbali hutangulia kitufe

Tracey alikuwa na mazoea ya kushika maiki kwa mkono, akiisogeza kwa mwimbaji, kwa ala, kisha kwa waitikiaji, kulingana na kile wimbo ulichokuwa unakifanya wakati huo. Rekodi ilikuwa ya mkondo mmoja. Hakuwa na nafasi ya kurudi jioni akaongeza kinubi cha chepkong' na kupunguza sauti ya kuongoza. Uwiano aliouchagua kwa mkono ndio tulionao leo. Hatua zake zilikuwa sehemu ya upangaji wake wa viwango.

Sababu yake ni ya kifizikia. Ukiupunguza umbali kati ya mdomo na maiki kwa nusu, kutoka sentimita 30 mpaka 15, sauti inayofika moja kwa moja huongezeka kwa desibeli 6. Mvua ya paani haiongezeki, wala mwangwi wa ukuta, kwa sababu maiki haijaisogelea paa. Ukizungusha geini kwa desibeli 6, kila kitu hupanda kwa pamoja: mdomo, mvua, jogoo na jirani. Kitufe hakijui kuchagua. Umbali unajua.

Kwa hapa kwetu jambo hili si la vitabuni. Mvua ya alasiri tunaijua, na nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa mabati. Anayetaka kurekodi sauti moja mvua ikinyesha, dawa yake ya kwanza ni kusogea, ya pili ni kuigeuza maiki ili mgongo wake uelekee kelele, ya tatu ni blanketi nzito nyuma na kando ya mwimbaji. Kitufe ni cha nne. Na iliyo bora kuliko zote haigharimu senti: rekodi asubuhi.

Kusogea nako kuna mpaka wake. Maiki nyingi za mwelekeo mmoja hunenepesha sauti nzito mdomo unapokaribia sana, na herufi kama "p" na "b" hupuliza upepo unaogonga utando. Upana wa kiganja kilichotandazwa, kutoka kidole gumba hadi kidole kidogo, unamtosha msemaji mara nyingi. Akiwa anapuliza, aielekeze maiki kidogo pembeni mwa mdomo, si mbele yake kabisa. Kwaya nayo haisogezwi hivyo. Ukiwa na maiki moja na watu 20, iweke mbali kiasi cha kuwasikia wote kwa usawa, kisha wapange wenye sauti kali nyuma. Mpangilio wa miguu ya waimbaji utakufanyia kazi ambayo hakuna kitufe kitaifanya.

Hoja ya nne: pima kwa kilele, si kwa "moja, mbili"

Naomba dada yetu wa kwaya asogee hapa mbele. Asante, mama. Kwanza nifanyie kama mnavyofanya kila Jumapili mkipima maiki.

("Moja, mbili. Moja, mbili.")

Kijana wetu, mita inasema ngapi? Anasema −28. Sasa, mama, bila kubadilisha mahali uliposimama, niimbie ule mstari wa juu kabisa wa wimbo wenu, kama vile kanisa limejaa.

(Aliimba. Ukumbi ukapiga makofi.)

Mita? −12. Mmeona wenyewe: tofauti ya desibeli 16 kati ya mtu yule yule na mtu yule yule. Kama kijana wetu angeipandisha ile "moja, mbili" mpaka −12 akaridhika, mstari wa juu ungetaka kufika +4, na huko hakuna mahali. Ungekatwa pale pale wimbo ulipokuwa unafikia kusudi lake. Ndiyo maana rekodi nyingi za kwaya zetu huanza safi, zikafika kwenye kiitikio zikapasuka. Waimbaji hawana kosa, na mara nyingi mashine nayo haina.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Mweke mwimbaji mahali atakaposimama kweli, si karibu na hapo. Shusha geini mpaka chini kabisa. Mwambie aimbe sehemu kali kuliko zote, na aiimbe kwa moyo, si kwa kukufurahisha wewe uliyeshika kitufe. Pandisha polepole mpaka vilele vifike −12. Kisha ondoa mkono. Jukwaani mtu huimba kwa nguvu zaidi kuliko katika majaribio, na desibeli chache zilizobaki ni za msisimko huo. Vaa vipokea sauti vya masikioni wakati wote, maana mita inaona ukubwa tu. Haioni waya uliolegea, wala mvumo wa umeme wa hetsi 50 unaotoka kwenye chaja iliyolala kando ya waya wa maiki.

Neno kwa wanaorekodi kwa simu, ambao najua ni wengi kuliko wenye studio. Simu hupenda kujipangia geini. Sauti ikiwa kubwa huishusha. Kukiwa kimya huipandisha. Kwa mazungumzo ya haraka hilo linafaa. Kwa mzee anayesimulia, linaharibu. Mzee wetu akifika mahali pazito katika simulizi, hunyamaza. Simu haijui kwamba kimya hicho ni sehemu ya masimulizi. Huona pengo, ikapandisha geini, na ndani ya ule ukimya ukasikia jogoo wa jirani akikaribia, pikipiki ikikaribia, mvua ikikaribia. Kisha mzee anaporudi na neno lake, neno la kwanza linapasuka. Programu nyingi za kurekodia zina mahali pa kuzima upangaji huo wa kujiendesha. Utafute, uuzime, uweke kiwango kwa mkono. Ikiwa simu yako hairuhusu, weka simu karibu zaidi na msemaji ili kelele ibaki mbali chini yake.

Kuna pia vinasa sauti vipya vya biti 32 za nukta inayoelea, ambavyo wauzaji husema havihitaji kupangiwa geini. Kwa upande wa dari ya faili, ni kweli. Lakini havimsogezi mwimbaji, haviizimi mvua, na haviizuii maiki yenyewe kuzidiwa. Hoja ya tatu bado inavihusu.

Hoja ya tano: hewani, ziada yako ni hasara ya jirani

Sasa wapenzi wa redio ya ridhaa. Kwa wageni: hawa ni watu wanaoruhusiwa kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kurusha mawasiliano yasiyo ya biashara kwenye masafa maalumu, na chama chao ni Amateur Radio Society of Kenya. Alama zao za wito huanza na 5Z4, kama za Tanzania zinavyoanza na 5H na za Uganda na 5X.

Wengi wao wakizungumza kwa masafa mafupi hutumia mtindo wa SSB, ambao hubeba upande mmoja tu wa sauti. Ukinyamaza, mtambo haurushi karibu chochote; ukisema, nguvu hupanda na kushuka pamoja na maneno yako. Sauti ya kueleweka huwekwa kati ya hetsi 300 na 2,700 hivi, kwa hiyo kituo kimoja huchukua kilohetsi 3 au pungufu. Kwenye mkanda wa mita 40 eneo letu la dunia lina kuanzia kilohetsi 7,000 hadi 7,200. Hata tukisahau kwamba sehemu ya chini ni ya msimbo wa Morse, kilohetsi 200 zikigawanywa kwa 3 hazifikishi vituo 70, na vituo hivyo vinagawanywa kati ya Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati.

Mtu akiipandisha geini ya maiki kupita kiasi, vilele vyake hukatwa kama vya kwaya. Lakini vilele vilivyokatwa huzaa masafa mapya ambayo hayakuwa katika sauti, na masafa hayo hutoka na antena. Aliyestahili kilohetsi 3 sasa anachafua 6 au 10. Studioni ungeharibu wimbo wako mwenyewe. Hewani unamnyang'anya mtu wa Entebbe mahali pake, tena hujui kama yupo.

Kwa faida gani? Tuhesabu. Ukiongeza nguvu kutoka wati 100 hadi 200 umepata desibeli 3. Alama moja ya kipimo cha S kwenye redio ni desibeli 6, kwa hiyo umemsogezea mwenzako sindano nusu alama. Katika mtandao wa kimataifa wa minara ya majaribio wa mashirika ya redio ya ridhaa ya NCDXF na IARU, Kenya imepewa alama 5Z4B. Kila mnara hutuma alama yake kwa Morse, kisha mistari minne: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa 10, wa tatu kwa 1, wa nne kwa sehemu ya kumi ya wati. Vijana, jifunzeni kuisikiliza minara hiyo kwenye megahetsi 14.100. Siku ambayo anga liko tayari, utashangaa ni mistari mingapi inayofika kutoka bara jingine. Siku ambayo haliko tayari, kupiga kelele kwenye maiki hakutalishawishi.

Utaratibu basi ni huu. Sema kwa sauti yako ya kawaida, maiki ikiwa karibu na mdomo na pembeni kidogo. Tazama mita ya ALC, yaani ya kidhibiti cha kujiendesha kinachozuia mtambo usizidiwe: pandisha geini mpaka sindano icheze kidogo kwenye vilele vya maneno na isitoke katika eneo lililochorwa. Kama una kitufe cha mbano, kianzishe baada ya hapo na kwa kiasi, maana mbano hupandisha pia feni, mvua na watoto. Halafu muulize mwenzako, si "Unanisikia kwa nguvu gani?" bali "Nina upana gani?" Swali la kwanza ni la kujipenda, la pili ni la uraia.

Hapa kwetu pana mtihani wa ziada. Kericho hutajwa katika maandishi ya hali ya hewa kwa wingi wa mvua ya mawe. Takwimu inayonukuliwa sana ni wastani wa siku 132 kwa mwaka. Radi huja pamoja nayo, na kila mmweko husikika redioni kama kitambaa kinachochanwa. Kosa la kawaida ni mtu kusikia kelele hiyo kwenye redio yake, kisha akapandisha geini ya maiki. Kelele iko upande wako wa kupokea; maiki yako haina uhusiano nayo. Shusha geini ya kipokezi, punguza upana wa chujio, mwombe mwenzako arudie. Na radi ikikaribia, chomoa waya wa antena, uzime mtambo, unywe chai.

Tuendako

Mheshimiwa mwenyekiti, nimalizie kwa mambo matatu ya kufanya, maana mhadhara bila kazi ni burudani.

La kwanza ni kwa kwaya na studio. Fungueni daftari la viwango. Kwa kila rekodi andikeni maiki, umbali kwa sentimita, nafasi ya kitufe, kilele kilichoonekana, na hali ya hewa. Fundi akihamia Nakuru, atakayebaki asianze upya kwa kubahatisha.

La pili ni kwa walimu wa Kericho na Bomet. Mnapojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, rekodini mazoezi, na fanyeni sheria kwamba hakuna kilele kitakachovuka −6. Wapeni wanafunzi kitufe. Mtoto aliyepanga geini ya kwaya ya darasa lake akaona faida ya nafasi iliyoachwa juu, hatahitaji mtu wa kumfundisha mtambo wa redio. Atapata leseni akiwa na adabu tayari.

La tatu ni la haraka kuliko yote. Bureti, Belgut, Konoin, Sotik na Chepalungu bado kuna wazee wanaojua nyimbo na simulizi ambazo hazijarekodiwa na mtu yeyote. Kila aliye na kifaa aende kwa mzee mmoja, kwa ruhusa yake na ya nyumba yake. Aende asubuhi. Azime geini ya kujiendesha, asogee karibu, apime kwa sehemu ya wimbo iliyo kali kuliko zote. Faili ya kwanza ihifadhiwe jinsi ilivyo katika sehemu mbili tofauti, na usafi wote ufanywe kwenye nakala. Wajukuu watakuja na vifaa bora kuliko vyetu, vya kuondoa mvua na kupunguza mwangwi. Tusiwaachie vilele vilivyokatwa, kwa sababu kilichokatwa hakimo tena kwenye faili.

Napendekeza tukutane tena baada ya msimu wa tamasha, kila kikundi kikija na rekodi moja na ukurasa wake wa daftari, tuzisikilize hapa hapa mbele ya wote. Mwenyekiti akikubali, tarehe ipangwe leo kabla hatujatawanyika. Sasa nakaribisha maswali, na anayeuliza aishike maiki karibu na mdomo.